Ndoo thelathini kwa saa

Jahazi lilikuwa limekaa juu pwani Tanga kwa mwezi mzima wa Ramadhani, likasahaulika juani mpaka Idi ya Mfungo Tatu. Hapo ndipo lilipoanzia kosa. Mbao zikikauka hunywea, pamba ya kalafati hulegea kwenye nyufa, na deheni iliyopakwa juu yake hupasuka kama udongo wa dirishani. Chombo cha namna hiyo hushushwa majini kitupu, kikaachwa siku mbili tatu mbao zivimbe na kufunga zenyewe, ndipo kipakiwe. Sisi tulikishusha leo, kesho yake tukakipakia mifuko 160 ya saruji. Mzigo wenyewe ulikuwa wa swahibu zetu wa Bagamoyo, mabaharia wawili wa zamani walioacha bahari wakaanza kujenga.

Ilikuwa Februari 2004, siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo, bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa. Kwa pwani hii bamvua lina saa zake: maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne, kila siku inayofuata huchelewa kiasi cha dakika hamsini. Tulitweka tanga saa kumi na nusu alfajiri, umande, upepo wa alfajiri, ukitusukuma kutoka bara na maji yanayotoka yakitubeba. Tukakiacha kisiwa cha Ulenge kushoto, tukageuka kusini kupita nje ya visiwa vya Yambe na Karange.

Ngama, pale chini ya chombo yanapokusanyika maji yanayovuja, ndiyo iliyotoa habari. Kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, ndoo kumi kwa saa kwa jahazi la mbao si kitu. Karibu na Kigombe zilifika thelathini. Mifuko ilikuwa juu ya boriti za mikoko na turubai, shubiri moja na nusu tu kutoka kwenye ngama. Nahodha akasema, "Wanangu, tunaingia Pangani."

Kuingia Pangani si kutaka tu. Mdomo wa mto una fungu la mchanga, na tulifika saa nne, maji yamekauka kabisa. Tukatia nanga nje, tukafua maji kwa zamu mpaka saa tisa alasiri, ndipo tukaingia, mmoja akitupa mbele bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina. Tuliingia maji yakiwa bado yanapanda, kwa makusudi: ukikwama maji yakipanda yatakunyanyua, ukikwama yakishuka utalala hapo.

Tulimkuta fundi mmoja tuliyekuwa naye Tanga miaka ya nyuma. Hakuuliza habari za nyumbani, aliuliza deheni tulipaka lini. Jahazi likatiwa gadi, nguzo za kulishikilia lisilale, pande zote mbili, mifuko ikasogezwa katikati juu ya mkuku, uti wa chini wa chombo, ili mbao za ubavuni zisibebe uzito. (Kukausha chombo chenye mzigo si jambo la kusifia, lakini kupakua tani nane usiku kulikuwa kubaya zaidi.) Saa tano kasorobo usiku maji yakatoka, karabai ikawashwa, na upenyo ukaonekana: ubao wa kwanza kutoka mkuku, urefu wa dhiraa mbili. Fundi alikwangua deheni ya zamani, akasokota pamba iliyolowa sifa, mafuta ya samaki, akaipigilia kwa patasi butu. Baharia kijana alitaka ashindilie zaidi. Akakatazwa: ubao ukivimba hauna pa kwenda, utaitema pamba au utang'oa misumari. Juu yake ikapakwa deheni mpya, chokaa na shahamu iliyoyeyushwa, kwa kiganja. Hakuchukua hela, alichukua mfuko wa tende.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa yamejaa. Ngama ikarudi ndoo nane. Kwa hesabu, maili sitini za bahari kwa kaskazi nzuri tungefika Bagamoyo jioni na maji juu. Lakini umande ulikufa saa tatu na kaskazi haikuamka mpaka saa saba. Watu husahau kwamba mkondo wa pwani hii huenda kaskazini mwaka mzima. Msimu wa kaskazi hupungua nguvu tu. Tanga likining'inia, tulirudishwa nyuma. Minazi ya Kipumbwi tuliipita mara mbili.

Bagamoyo tulifika saa tatu usiku, maji yakikimbia. Pwani ile ni bapa, maji hutoka mbali sana, na hapakuwa na gati la kuegesha jahazi lililojaa. Nahodha alitia nanga kwenye pima mbili na nusu, akiacha nafasi ya kupwa. Swahibu zetu walikuwa ufukweni wakimulika tochi. Tulisikia wakicheka, maneno hatukuyapata. Tukalala hivyo, wao huko, sisi huku.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi tulisogea na maji mpaka mkuku ukagusa mchanga taratibu. Walitujia majini, maji kifuani, pamoja na wapagazi.

"Watu wa Tanga, hamjambo? Tuliwapikia jana!"

"Basi leteni hicho kiporo," nahodha akajibu.

Mifuko ilitoka kichwa kwa kichwa, ikahesabiwa kwenye mchanga mkavu. Mia moja hamsini na saba mizima. Mitatu ya chini kabisa ilikuwa mawe. Mmoja wa swahibu zetu aliugonga mfuko kwa ngumi, akaurudisha begani kwa baharia kijana.

"Hii mitatu ifungeni kamba. Mmepata nanga."