Kuku wa kiporo, shangazi asiyeweza kutafuna na sufuria ya bokoboko

Tulichoma kuku wanane. Hesabu ilikuwa ya watu 30, wakaja 11.

Shughuli ilikuwa ya mdogo wangu, kamaliza chuo, tukasema tumfanyie kijisherehe hapa hapa nyumbani Magomeni Jumamosi jioni: kuku wa kuchoma, ndizi, kachumbari, soda. Nani anapanga shughuli katikati ya masika? Sisi. Mvua ilianza saa saba mchana, na ilipofika saa kumi simu zikawa zinaingia moja baada ya nyingine: Jangwani maji yamejaa, magari hayapiti. Anayeijua Dar haulizi mara mbili. Bonde la Msimbazi likifurika barabara ya Morogoro inakatika pale, na mtu wa Magomeni na mtu wa Kariakoo, ambao siku nyingine wanatembeleana kwa miguu wakitaka, wanabaki kupungiana mikono kwenye simu. Wageni wetu wengi walikuwa wa ng'ambo ile.

Saa tatu usiku juu ya sinia kulikuwa na kuku watatu wazima, mapaja kadhaa na vifua ambavyo hakuna aliyevigusa.

Ila kilichonikera hasa kilikuwa kitu kingine. Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga tangu Alhamisi kwa ajili ya shughuli hii. Nilimpelekea sahani yake mwenyewe, paja zuri limeiva vizuri. Akalisifia, akalinusa, kisha nikamwona anamnyofolea binti yangu kidogo kidogo mpaka likaisha. Yeye akala ndizi, akanywa chai, akasema ameshiba. Baadaye nilipoingia chumbani kumtandikia nikayaona meno yake ya kubandika yamelala kwenye kikombe cha maji. Yalimchubua ufizi tangu ndani ya basi, na hakutaka kusema. Yaani mgeni wa heshima kalala na chai, kwenye nyumba iliyochoma kuku wanane.

Usiku ule ule nikachambua kuku. Nilikuwa nimechoka, lakini chakula chenye nyama hakipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto letu mimi hata hizo saa mbili siziamini. Tena kuku mzima ukimsukumia kwenye friji angali na moto, nje anapoa, ndani ya kifua bado joto, na huko ndiko anakoanza kuharibika. Nikatenga minofu kwenye vyombo viwili vya bapa, nikaitandaza isirundikane, mifupa kwenye chombo chake, nikafunika, nikaingiza. Kuku wa hivyo nampa siku tatu, nne akizidi.

Jumapili asubuhi mume wangu akachukua vipande vya kifua akavipasha kwenye kikaango apate kifungua kinywa. Nilikuwa najua kitakachotokea, nikanyamaza. Kuku wa kisasa kifua chake hakina mafuta. Ukimchoma mara ya kwanza maji yameondoka. Ukimpasha kwenye moto mkavu unamchoma mara ya pili. Akawa anatafuna mpaka chai ikapoa. "Hii kamba," akasema, akahamia kwenye mkate.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuku wa kupaka, maana tui la nazi linaficha aibu nyingi. Nikaliacha kwa sababu mbili. Kuku wetu walilazwa kwenye ndimu usiku kucha, na tui zito ukiliingizia vitu vyenye ndimu nyingi halafu ukaliachia lichemke bila kukoroga linakatika, unabaki na mafuta juu na machicha machicha chini. Sababu ya pili ilikuwa kwenye kikombe cha maji chumbani. Hata upake tui la nazi kumi, finyango ni finyango, inataka meno.

Ndipo nikakumbuka ngano. Kwenye kabati nilikuwa na ngano ya bokoboko iliyobaki Ramadhani, ile iliyokobolewa, kama nusu kilo na ushee. Kwa asiyelijua, bokoboko ni ngano na nyama vilivyopikwa mpaka vikasahau nani alikuwa nani, vikapigwa mwiko, vikamwagiwa samli. Pwani tunalipika Ramadhani, Idi, harusini. Na hapo ndipo akili yangu iliponifungukia: kuku wa kiporo kila mtu anahangaika kumrudishia umbo na ulaini wake wa jana, na haiwezekani. Bokoboko halitaki umbo. Linataka nyama iliyokwisha kuiva, inayochambulika nyuzi nyuzi. Ule ukavu uliomshinda mume wangu kwenye kikaango, hapa ni nusu ya kazi imeshafanywa.

Ngano nikailoweka saa tatu asubuhi. Kawaida inalala majini usiku kucha, lakini mimi sikuwa na usiku, nilikuwa na shangazi mwenye njaa. Nikaimwagia maji ya moto, nikaifunika, nikaipa saa nne.

Kwenye supu ndiko nilikoharibu. Nilichukua mifupa iliyoenea na ngozi zake zote, nikatumbukiza kwenye sufuria, maji juu, moto. Nilidhani ule weusi wa mkaa utanipa harufu ya moshi. Baada ya nusu saa nikaonja: uchungu! Uchungu ule wa ukoko ulioungua, na nyuma yake pilipili na ndimu ya jana vimechemka vikawa ukakasi. Nikatia kitunguu, hakuna. Nikatia maji, ukawa uchungu mwepesi. Shangazi alikuwa kibarazani anachambua mchele ambao hakuna aliyemwomba auchambue. Nikampelekea kijiko.

"Umechemsha mkaa, mwanangu," akasema.

Nikamwaga. Bahati nzuri mifupa ya kuku mmoja na nusu hivi ilikuwa bado friji, haikuenea kwenye sufuria. Safari hii nikakaa kitako nikaisafisha kimoja kimoja: ngozi nyeusi yote nje, mabaki ya viungo na kitunguu thomu vilivyoungua nikavikwangua kwa kisu, ile iliyokuwa na rangi ya kahawia tu nikaiacha. Kahawia ni utamu, nyeusi ni mkaa. Inaonekana kitu kidogo lakini ndiyo iliyonigharimu sufuria ya kwanza. Nikaongeza kitunguu maji kilichokatwa pande mbili, kipande cha tangawizi kilichopondwa, vijiti viwili vya mdalasini, hiliki tano, pilipili manga nzima kama kijiko cha chai. Chumvi sikutia hata chembe. Kuku alishatiwa chumvi ya kuchomea, na supu ikikauka chumvi inabaki, haiondoki na mvuke.

Mkaa ulikuwa umebaki nusu gunia, kwa hiyo gesi nikaipumzisha, jiko likakaa kibarazani chini ya bati na mvua inapiga. Saa moja na nusu ya moto wa polepole. Supu ikatoka ya rangi ya chai ya rangi, na moshi umo kwa mbali, siyo ule wa kukuvamia. Nikaichuja mara mbili, ya kwanza kwa chujio la kawaida, ya pili kwa chujio la tui. Mifupa ya kuku wa kisasa ikichemka inalainika na kumeguka, na vile vijifupa vyembamba kama sindano ndani ya bokoboko huvioni. Kwa mtu anayemeza bila kutafuna hilo siyo jambo la mchezo. Minofu nayo nikaipitisha mkononi yote, kila uzi, nikaifuta ile rojo ya pilipili iliyokuwa juu. Vijifupa vitatu nilivipata ambavyo usiku na usingizi wangu sikuviona.

Ngano ikaingia kwenye supu, kipimo kimoja cha ngano kwa vitano vya supu, na birika la maji ya moto pembeni la kuongezea. Hapa hakuna ufundi, kuna kukaa tu. Saa ya kwanza ngano inakudharau, inazunguka humo kama changarawe. Kwenye saa ya pili punje zinaanza kupasuka matumbo, na supu inakuwa nzito, inapumua pwu, pwu. Hapo ndipo usiondoke, maana inashika chini kwa dakika mbili. Punje nilipoibana kwa vidole ikasagika bila kubaki kiini, nikamwaga minofu, kama vikombe vinne, nikapunguza mkaa, nikafunika kwa nusu saa nyingine. Ni muda mrefu kuliko unaohitajika kupasha nyama, najua, lakini niliitaka ichemke barabara mpaka ndani, halafu ijiachie.

Kisha mwiko. Nilikuwa nimeshatoa blenda juu ya meza, shangazi akaitazama kama mtu aliyeletewa mjusi.

"Hiyo itakupa gundi."

Sikubishana. Niliwahi kuijaribu Ramadhani na ni kweli, blenda inakata kila kitu sawasawa, unapata uji mzito unaoteleza. Mwiko hausagi, unakandamiza na kuvuta. Ngano inasagika lakini nyuzi za kuku zinabaki nyuzi, na ndizo zinazolifanya bokoboko livutike ukiliinua. Unaikandamiza ngano kwenye ubavu wa sufuria, unaivuta kwako, unageuza, unarudia. Baada ya dakika kumi mkono ulikuwa hauko wangu. Nikamwita mwenye sherehe.

Mdogo wangu akaja na simu yake, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine anaperuzi. "Shangazi, kumbe hili ndilo harisi la Waarabu! Mwaka 2023 UNESCO wameliingiza kwenye orodha ya turathi. Oman, Emirati na Saudia." Akaendelea kusoma: kitabu cha mapishi cha Baghdad cha karne ya 10 kinalo tayari.

"Na sisi wa Tanga tumeandikwa ukurasa wa ngapi?" shangazi akauliza.

"Hatumo."

"Haya. Na hao wa Baghdad ndio watakaokuja kulisonga hili? Weka simu, shika mwiko kwa mikono miwili."

Akaiweka. Digrii yake ikapata kazi ya kwanza.

Chumvi nikaitia mwisho, nusu kijiko cha chai tu, baada ya kuonja. Kisha samli. Nilikata vitunguu viwili vyembamba sana, nikavikaanga kwenye vijiko vinne vya samli kwa moto mdogo mpaka vikawa rangi ya asali, nikaviepua kabla havijafika kahawia kwa sababu vinaendelea kuiva vyenyewe ndani ya samli ya moto. Nikapakua bokoboko kwenye bakuli pana, nikalisawazisha kwa mgongo wa upawa, nikachimba kishimo katikati, samli ikaingia humo na vitunguu vyake, ikatafuta njia ikashuka pembeni. Mdalasini wa unga nikanyunyiza kidogo tu juu. Harufu iliyotoka hapo ilimwamsha hata mume wangu, aliyekuwa anajifanya anatazama mpira.

Lilikuwa zuri? Ndiyo. Lilikuwa bokoboko la harusini? Hapana. Lile la ng'ombe, au la kuku wa kienyeji aliyechemka humo humo tangu mbichi, lina uzito wa supu ambao mifupa iliyokwisha kuchomwa haiwezi kuutoa. Langu lilikuwa jepesi zaidi, na moshi ule wa mbali ulilipa ladha ambayo sijawahi kuikuta kwenye bokoboko lolote. Mume wangu aliupenda. Shangazi alisema unamkumbusha jiko lenye kuni mbichi, na mpaka leo sijajua kama alikuwa anasifia.

Lakini alikula. Mvua inapiga bati, yeye kajifunga kanga mbili, bakuli mapajani, anakula taratibu bila kusimama, bila kumpa mtoto. Binti yangu alisogea mara mbili na kijiko chake, mara zote mbili akaambiwa, "La kwako liko kule." Bakuli la kwanza likaisha. La pili akaomba sukari.

"Sukari? Kwenye kuku, shangazi?"

"Kwetu ndivyo tulivyokua. Lete."

Nikaleta. Akanyunyiza vijiko viwili, akachanganya na samli, akanipa nionje kwa nguvu. Sitaki kusema uongo, siyo baya. Sitalifanya tena, lakini siyo baya.

Kiasi cha bakuli moja kilibaki. Nikakipoza, nikakifunika, nikakificha friji nyuma ya chupa ya maji kwa ajili ya mdogo wangu, maana alikuwa kalala na mikono inamuuma. Nilimwambia alipashe mpaka lichemke kabisa, aongeze maji kidogo ya moto, na liishe siku hiyo, kwa sababu kuku yule ameshapita motoni mara mbili.

Jumatatu alfajiri nilifungua friji, bakuli lipo mahali pake, limefunikwa vizuri, tupu. Kopo la sukari lilikuwa mezani wazi. Kijiko nilikikuta chumbani kwa shangazi, kimelala pembeni ya kikombe cha meno.