Siku moja maishani mwangu: fundi wa boti wa Majanji na meli za maharamia

Saa 11 alfajiri

Nafika mwaloni giza bado halijaondoka majini. Boti za sangara zinaingia moja moja, injini zikikohoa, na akina mama wa mukene, dagaa wa ziwani, wameshaanza kutandika nyavu mchangani. Nanunua chai ya maziwa na mandazi mawili kwa dada wa kibanda, nakunywa nimesimama, macho kwenye boti iliyonitoa kitandani mapema. Imevutwa ufukweni tangu jana jioni, nayo imejaa maji hadi usawa wa viti.

Mimi ni fundi wa boti hapa Majanji, wilaya ya Busia, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Useremala niliupata kwa baba, lakini kalafati, yaani kuziba mishono ya mbao, nilifundishwa Mombasa na mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza majahazi Bandari ya Kale. Miaka minne nilimshikia nyundo. Ndiye aliyenipa maneno ya chombo, mkuku (uti wa chini) na taruma (mbavu za ndani), omo (mbele) na shetri (nyuma), na ndiye aliyenianzishia habari za maharamia wa zamani, maana alipokuwa akipiga mshono mrefu alipenda kusimulia. Tangu siku hizo sijaacha kusoma. Kilichonikaa kichwani si hazina wala mapanga. Ni kwamba meli ya haramia ilikuwa chombo cha mbao kinachovuja kama hiki, na chombo kinachovuja lazima kirudi nchi kavu.

Saa 1 asubuhi

Tumekuwa vijana sita na mimi wa saba. Tunakomba maji kwa madebe, tunapanga magogo, kisha tunaisukuma: boti ya futi 28, mbao zimenyonya maji, uzito wake kama nyumba. Tunailaza ubavu.

Hii ni mali ya mama mmoja ambaye ana boti mbili tu duniani. Wiki tatu zilizopita wavuvi wake wanne walivamiwa usiku, karibu na visiwa vya Sigulu. Wezi waliwaamuru walale kifudifudi, wakafungua injini, wakachukua nyavu na samaki, na kabla ya kuondoka wakaipiga boti panga mara kadhaa chini ya mstari wa maji. Vijana wale walipiga makasia kwa mbao za kukalia mpaka kukacha, mmoja akikomba maji kwa kiatu. Walifika salama. Wengine katika ziwa hili hawakufika, na ndiyo maana neno haramia halitamkwi kwa mchezo hapa.

Kulaza chombo ubavu ni kazi iliyowasumbua maharamia kuliko vita. Meli za wafalme zilikuwa na gati na mafundi wa serikali. Haramia alikuwa na ufuo uliojificha, kamba na watu wake. Ilimbidi ashushe mizinga, mapipa na mizigo yote, aivute meli wakati maji yamejaa, ailaze upande mmoja, aikwangue mwani na magamba yaliyoganda tumboni, kisha aigeuze upande wa pili. Siku hizo zote hakuwa na pa kukimbilia akivamiwa. Asipofanya hivyo, meli huwa nzito, haiwezi kukimbiza wala kukimbia.

Haramia Henry Every alilijua hilo. Mwaka 1694 aliilaza meli yake, Fancy, huko Bioko, kisiwa cha Ghuba ya Guinea, akaikwangua na kuipunguza sehemu za juu ili iwe nyepesi. Septemba 1695 ikaifikia Ganj-i-Sawai, meli ya Mfalme Aurangzeb wa India iliyokuwa ikirudisha mahujaji kutoka Makka. Waliotekwa waliteswa siku kadhaa ili waseme mali imefichwa wapi, na wanawake walibakwa. Nikikwangua boti huwa nawakumbuka mahujaji wale. Ukwanguaji safi wa Bioko ulikuwa sehemu ya kilichowapata.

Saa 3 asubuhi

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Nachukua kulabu ndogo niliyoifua kutoka kwenye msumari wa reli, nachokonoa mshono, na pamba kuukuu inatoka kama mkia wa panya, nyeusi, inanuka tope. Nainusa kwa makusudi. Pamba iliyooza ina uchachu fulani, na uchachu ukizidi najua ubao wa jirani nao umeanza kuliwa. Nasafisha mshono mpaka mbao mbili zionyeshe rangi yake. Halafu nasokota pamba mpya kwenye paja, naiingiza kwa patasi butu, naigonga taratibu. Sauti ndiyo mwalimu. Mwanzoni nyundo inalia pwa, pwa, kama unagonga mkate. Mshono ukishiba inalia ko! Hapo acha, ukiendelea utazitanua mbao na utakuwa umeifungulia njia maji uliyotaka kuyazuia.

Mwanafunzi wangu, kijana wa miaka 17, bado anasikiliza kwa macho. Namshika mkono, nafumba macho, naye anafumba. Leo kwa mara ya kwanza ameacha kugonga mwenyewe kabla sijamwambia.

Juu ya pamba tunapaka lami ya moto, kisha tunagongomelea kipande chembamba cha bati kufuata mshono. Pwani mzee wangu alitumia deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, nayo aliipaka tumboni mwa jahazi kwa kiganja. Mabaharia wa Ulaya wa karne ya 17 walikuwa na ya kwao, ya shahamu na salfa, kwa sababu bahari ina mdudu anayetoboa mbao mpaka ubao mzima unabaki kama sega la nyuki. Ziwa letu halina mdudu huyo. Maadui zetu ni kuoza na kutu ya misumari.

Chombo ninachokihurumia kuliko vyote katika historia hiyo ni Adventure Galley ya William Kidd. Iliingizwa majini London mwaka 1695, mpya kabisa, ina mizinga 34 na makasia ya kupigia wakati upepo umelala. Kidd alitumwa kuwakamata maharamia. Mwaka 1697 aliilaza huko Mwali, katika visiwa vya Komoro, na watu wake wapatao 50 wakafa kwa maradhi palepale ufuoni. Mwaka uliofuata meli ilikuwa inavuja vibaya, watu hawatoki kwenye pampu, ikabidi waifunge mwili kwa kamba nene isije ikaachana. Akaiacha Sainte-Marie, kisiwa kidogo kando ya Bukini, kama wazee wa pwani walivyoiita Madagaska. Meli ya miaka mitatu! Kidd mwenyewe, aliyekuwa ameteka meli ya biashara akidai ana kibali, alinyongwa London mwaka 1701. Kamba ya kwanza ilikatika, wakamnyonga tena.

Saa 6 mchana

Posho, yaani ugali, mukene wa kukaanga na maharage kidogo. Tunakula chini ya mwembe pamoja na wale vijana wanne wa boti, na mazungumzo ni yaleyale ya kila mwalo: mgao. Mafuta yanatolewa kwanza, halafu fungu la boti, fungu la injini na fungu la nyavu, ndipo wanaokesha majini wagawane kinachobaki. Mmoja anauliza kama ni kweli maharamia walikuwa wanagawana sawa. Amenisikia nikisema.

Nawaambia ninavyojua. Meli ya Bartholomew Roberts, haramia aliyeuawa Februari 1722 karibu na Rasi Lopez, pwani ya Gabon, ilikuwa na masharti ya maandishi, na kila mtu alikula kiapo. Kila mmoja alikuwa na kura katika mambo makubwa. Nahodha na kwatamasta, yaani yule aliyechaguliwa kusimamia mgao na haki za watu, walipata mafungu mawili. Sarange, yaani msimamizi wa mabaharia, na mpigaji mizinga mkuu walipata fungu moja na nusu. Aliyekatika kiungo alilipwa kutoka mfuko wa wote. Kucheza kamari kwa fedha kulikatazwa, na taa zilizimwa saa 2 usiku. Anayetaka kuendelea kunywa akanywe juu sitahani gizani.

"Nahodha mafungu mawili tu?" Wanatazamana. Nawaelewa. Mabaharia wengi waliingia uharamia kutoka meli ambako nahodha alikuwa na fimbo na mshahara ulikuwa hadithi. Huyohuyo Every alianza mwaka 1694 katika bandari ya La Coruña, Hispania, baada ya wenzake kukaa miezi bila kulipwa. Waliichukua meli usiku, wakaibadilisha jina.

"Kwa hiyo fundi, walikuwa watu wa haki?" anauliza mwanafunzi wangu.

Haki yao iliishia kwenye ukingo wa meli yao. Waliokuwa nje ya kile kiapo, kama wale mahujaji, hawakuwa na kura wala fungu. Nao waliowashinda maharamia hawakuleta haki kubwa zaidi: watu wa Roberts walipopelekwa Cape Coast, katika Ghana ya leo, 52 walinyongwa baada ya kesi, lakini Waafrika zaidi ya 60 waliokutwa katika meli zake hawakusikilizwa hata kidogo. Waliuzwa utumwani. Hapo vijana wananyamaza, na yule aliyekomba maji kwa kiatu anaacha kula.

Kitu kingine nawaambia kwa sababu kinanihusu. Maharamia wakiteka meli, mara nyingi mabaharia wa kawaida waliulizwa kama wanataka kujiunga. Seremala na tabibu hawakuulizwa sana, walichukuliwa kwa nguvu. Haramia Blackbeard alipoizingira bandari ya Charleston, Marekani, mwaka 1718, alichodai kwa kuwaachia mateka ni sanduku la dawa. Ukiwa na mizinga 40 bado unahitaji mtu wa kukufunga kidonda na mtu wa kukuzibia tundu.

Saa 8 mchana

Mtu simjui amekuja kwa bodaboda. Amevaa vizuri, ananiita mzee wangu kwa heshima zote. Ana boti, anasema, iko mbele kidogo kwenye matete, hataki kuileta mwaloni. Kazi ni ndogo: kukwangua namba ya usajili ubavuni, kupaka rangi, kuandika namba nyingine. Atalipa mara tatu ya bei yangu, taslimu, ikiisha leo kabla ya giza.

Namwomba karatasi za boti. Anasema ziko kwa mdogo wake. Namwambia nitasubiri mdogo wake. Anacheka, anaongeza pesa. Mwanafunzi wangu ameshika brashi, anatutazama mmoja baada ya mwingine, na najua jibu langu ni somo kuliko nyundo ya asubuhi.

Sainte-Marie kulikuwa na mtu aliyeitwa Adam Baldridge. Kuanzia mwaka 1691 alikuwa na duka na maghala pale. Maharamia walimletea mali ya wizi, naye aliwauzia mvinyo, nguo na baruti zilizoletwa na meli za mfanyabiashara tajiri wa New York, Frederick Philipse. Kwa maoni yangu hao wawili, mwenye duka na tajiri aliyekaa nyumbani kwake, waliuendesha uharamia wa Bahari ya Hindi kuliko nahodha yeyote mwenye bastola. Hariri hailiki. Injini ya kupachika hailiwi. Lazima pawe na mtu nchi kavu wa kuinunua, mwingine wa kuibadilisha rangi, na mwingine wa kuandika namba.

"Ndugu yangu," namwambia, "bila karatasi siigusi." Anawasha bodaboda bila kuaga. Moyo unanidunda, sifichi. Watu hawa wanajua ninapolala. Natembea moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti wa mwalo na kumweleza mbele ya watu wawili: sura, nguo, upande wa matete. Anaandika kwenye daftari lake na kupiga simu.

Saa 10 jioni

Mama mwenye boti amekuja na thermosi ya chai. Anapitisha kidole kwenye bati jipya, mshono baada ya mshono, kama anayepapasa jeraha la mtoto. Injini nyingine hana fedha ya kununua. Vijana watakuwa wanavua karibu na ufuo kwa makasia. Nimempunguzia ufundi. Pamba na misumari nimemtoza kama nilivyonunua.

Saa 12 jioni

Jaribio la mwisho. Tumeiinua boti juu ya magogo na tunamimina maji ndani, ndoo kumi na tano, kisha tunaingia chini na tochi za simu. Mimi nimelala chali mchangani upande wa omo, kijana upande wa shetri. Nje watu wananyamaza. Maji yanatembea juu ya vichwa vyetu, unayasikia yakitafuta njia.

Makovu matatu ya panga, makavu. Mkuku mkavu.

"Fundi," ananiita kwa sauti ya chini. "Hapa."

Nasota hadi alipo. Chini ya taruma la nne, kwenye mshono alioupiga mwenyewe asubuhi, tone linajikusanya, linavimba, linaangukia shavuni mwake. Anatoa mkaa mfukoni na kuchora duara. Kesho tutaanzia hapo.