Kungoja Bamvua

Kilichonitoa Tanga hadi Lamu ni mikwaruzo ya ukutani. Katika magofu ya Takwa, kisiwani Manda, kuna watu wa zamani waliochora vyombo vya baharini kwenye lipu ya chokaa kwa ncha ya kisu au msumari, na picha pekee niliyowahi kuiona ya michoro hiyo ilikuwa imepigwa mchana kweupe. Jua la utosini huua mchoro wa namna ile. Mkwaruzo usiozidi unene wa ukucha hauonekani mpaka jua literemke, mwanga uje kwa ubavu, na kila mstari utupe kivuli chake. Kwa hiyo nilitaka kuwa Takwa saa kumi na moja jioni, na nilitaka kuwa peke yangu.

Nilivuka mpaka Horohoro, nikapita Mombasa, nikalala Malindi. Nguzo ya Vasco da Gama niliipiga kwa sababu kila mwenye kamera huipiga. Mreno alifika hapo 1498 na tangu hapo watu hawajaacha kusimama mbele ya ule msalaba wake. Mimi lilinishika zaidi kaburi la mnara lililo kando ya msikiti wa kale, maana sisi pia tunayo hayo Tongoni, kusini mwa mji wetu, na mengi minara yake imeshaanguka. Kesho yake nikapanda basi. Garsen tukaungana na magari mengine, askari wakatusindikiza, na baada ya vumbi na vituo vya ukaguzi visivyokwisha tukashuka Mokowe tukaingia botini.

Nahodha niliyempata pwani ya Amu, yaani Lamu, alikuwa kijana wa Shela mwenye mashua ya tanga aliyoifunga mashine nyuma. Nilipomwambia Takwa saa kumi na moja jioni, hakunijibu. Aliinua kidevu akanionyesha mwezi, uliokuwa nusu, umetoka mapema juu ya minazi.

"Mayi mafu haya. Yajaa saa nne, saa tano za asubuhi, na hata yakijaa hayajai. Jioni utakuta matope matupu. Wataka jioni, ngoja bamvua."

Takwa huingiwa kwa mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na maji yakitoka hubaki tope la kumeza mtu magotini. Mimi ni mtoto wa pwani. Kwamba bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa alfajiri na alasiri, na maji mafu, yale madogo ya mwezi nusu, hujaa kabla ya adhuhuri, nalijua tangu nilipokuwa nikifuata wavuvi. Ila sikuwahi kuliona kuwa ni jambo la upigaji picha. Mwanga na maji vilikuwa vimenuniana, na wa kuvipatanisha alikuwa mwezi tu. Nikatafuta chumba cha bei nafuu mtaa wa Langoni.

Kukaa Lamu na kamera bila kazi ni mtihani. Makuli wa gatini walitaka hela kwanza. Wasichana waligeuza nyuso. Wazee wa barazani waliitikia salamu vizuri sana, wakaniuliza natoka wapi, nikasema Tanga, wakasema "Ah, Mrima," jina lao la pwani yetu ya bara, wakaniuliza ukoo, wakaniuliza kama namjua fulani wa Pangani, na nilipogusa tu mkanda wa kamera mazungumzo yakageuka kuwa ya bei ya samaki. Siwalaumu. Mji ule uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu hapo, hata kabla yake, kila anayepita anataka kuondoka na uso wa mtu. Punda peke yao ndio waliokubali, na punda wa Lamu wameshapigwa picha za kutosha.

Aliyenifungulia mlango ni dada yake yule nahodha. Alinipeleka mtaa wa Mkomani kwa bi mkubwa mmoja mwenye nyumba ya mawe ya zamani, zile zenye kuta nene za matumbawe na dari ya boriti. Alitangulia yeye ndani, akazungumza, nikasikia "ni Mswahili wa Mrima, ana adabu," kisha nikaitwa. Chumba cha ndani kabisa kilikuwa na zidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo, ukuta mzima, safu juu ya safu, chokaa imechongwa mpaka unaona haya kuigusa. Zamani humo zilipangwa kauri kutoka China na kwingineko. Siku ile mlikuwa na chaja ya simu, chupa za dawa ya presha, rimoti, msahafu umefunikwa kitambaa, kopo la mafuta ya nazi, na sahani moja tu ya kauri ya buluu, iliyowahi kupasuka vipande vitatu ikaungwa kwa vikucha vya shaba. Niliiona picha yangu palepale. Nilishaanza kupima mwanga wa mlangoni.

Bi mkubwa akaanza kuondoa vitu.

"Bi, niachie hivyo hivyo, tafadhali."

"Rimoti?"

"Na rimoti."

"Mwanangu, nyumba yangu iende kuonwa na watu ina dawa za presha?" Akaondoa kila kitu mpaka ikabaki ile sahani, na hata hiyo akaigeuza ili vikucha visionekane. Kisha akasimama kando, akaninyoshea mkono kwenye ukuta mweupe mtupu: haya, piga. Nilipiga. Ni picha safi, kila mtu huisifu, na kila nikiiangalia naitafuta ile rimoti. Yeye aliipenda, akataka itumwe kwenye simu ya mwanawe aliye Jeddah kabla sijanywa kahawa.

Mwezi ulipokaribia kuiva, nahodha akanitumia ujumbe: tukutane Shela saa tisa. Nilipofika, mashua ilikuwa imeshajaa watu. Mzee wa kanzu na kofia ya viua ameketi tezini, wanawake wawili wa buibui na kikapu chao, watoto wa kuinamia mkondo.

"Ami yangu," alisema nahodha. "Wana haja yao Takwa. Mashua si kubwa?"

Ningesema nini? Watu wa Shela husimulia kwamba wazee wao walitoka Takwa mji ulipohamwa, kwenye miaka ya mwisho ya karne ya 17, na mpaka leo huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara lililoko huko. Mimi ndiye niliyekuwa nimepewa lifti.

Tuliingia ule mkono wa bahari maji yakiwa yanapanda bado, mashine imezimwa, nahodha akisukuma kwa upondo, mikoko ikitugusa mabega. Mlangoni mlinzi aliangalia kitambulisho changu, akanitoza bei ya mtu wa Afrika Mashariki, akaingia kuwaamkia wenzangu bila kuwatoza chochote. Ndani ni mibuyu, mabaki ya ukuta wa mji, nyumba zilizobaki nusu, na msikiti ambao juu ya ukuta wake wa kibla umesimama mnara, jambo ambalo sijaliona msikiti mwingine wowote. Jua lilikuwa limeanza kuwa la manjano. Nikatoa stendi.

"Ndoo kwanza," mzee akaniita kwa Kiamu, yaani njoo. "Kamera weka tini."

Walisoma Fatiha kaburini, wanawake wakafukiza ubani, mmoja akamimina marashi. Nilisimama nao na mikono yangu wazi, sikio moja kwenye dua na jicho moja kwenye jua. Mzee hakuwa na haraka hata kidogo. Aliwaombea waliokufa, akawaombea walio baharini, akawaombea Waislamu wote, kisha akaniombea mimi na watu wa Mrima, na wakati wa kuitikia amina yangu nilikuwa nahesabu dakika.

Alipomaliza akanifuata mwenyewe hadi kwenye michoro. Mwanga ulikuwa umefika. Mstari uliokuwa si kitu nilipopita mara ya kwanza ulikuwa sasa chombo kizima: mgongo, mlingoti, tanga la pembe nne. Nililala kifudifudi nikaanza kazi. Mzee akainama juu yangu, akausoma ukuta kama asomaye barua.

"Huu mtepe. Waona tanga? La mkeka. Mitepe haikupigwa msumari, ilishonwa kwa kamba. Mimi sikuiwahi, babangu aliiwahi." Kidole chake kilifuata mstari bila kuugusa. "Lakini aliyechora si baharia. Tazama kamba hii alivyoifunga. Upepo ukija wa nyuma, huyu amekufa." Akacheka peke yake. "Mtoto huyu. Kaketi hapa, kachoka na darasa."

Nikamwomba nipige mkono wake pale ulipo. Akafikiri. "Mkono, haya. Uso, ngoja."

Nilidhani amekataa kwa upole, kama wale wa barazani. Kumbe alikuwa na lake. Tulipokuwa tunarudi kwenye mashua akaniambia anataka kwenda Hija, anaomba pasipoti, na mjukuu amemweleza kwamba picha lazima iwe na nyuma nyeupe. "Wewe si una kamera kubwa? Nipige ya pasipoti."

Pale ufukweni hapakuwa na cheupe isipokuwa tanga. Nahodha akalishusha, watoto wawili wakalishika kwa juu, mzee akasimama mbele yake. Nikamwambia masikio yaonekane, kofia avue. Akamtazama mlinzi, akawatazama wanawake, ambao walijifanya wanafunga kikapu, akaivua akaishika kifuani. Kichwa chake kilikuwa na weupe wa duara palipokaa kofia miaka yote. Jua lililokuwa likizama lilipiga maji na maji yakalirudisha usoni pake kutokea chini. Nahodha akapiga kelele kwamba mayi yatoka, twende. Nilimpiga haraka na tukasukuma chombo upande wa kina.

Asubuhi tulikwenda pamoja kwa mwenye studio, duka dogo la kukodisha suti na kutoa fotokopi. Akaifungua picha kwenye kompyuta, akaikuza, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hii nini hapa nyuma ya sikio?"

"Mshono," nikasema. "Ni tanga."

"Serikali haitaki mishono. Na usoni kuna rangi. Mzee, keti hapa." Akamkalisha kwenye stuli mbele ya ukuta uliopakwa rangi, akamulika taa, na mzee akatoka na macho makubwa ya mtu aliyeamshwa usiku. Ikachapwa, ikakatwa kwa mkasi, vipande vikaingia bahasha.

Mzee akaitoa moja, akaiweka chini ya kioo cha kompyuta, akazilinganisha kwa muda mrefu.

"Hii wapelekee serikali," akasema. "Ile ya tanga nitolee kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

Akatanua mikono kama mtu apimaye sinia la pilau. Mwenye studio akasema karatasi ya ukubwa huo hana, itabidi iagizwe Mombasa, na wateja wa namna hii hulipa nusu kwanza. Wakaanza kubishana bei, na mimi nikavuta stuli nikaketi.