Nina Riggs barazani Kibokoni

Yule mwandishi wa Marekani Nina Riggs alofariki Februari 2017 kwa saratani ya matiti, miaka 39 tu jamani, kitabu cha maisha yake kikatoka Juni yeye hayupo. Nikawasimulia mashangazi barazani. Watoto je? Wavulana wawili, ya Rabbi. Mmoja akasema mbona aanika ugonjwa wake hivyo, hapo mie nikachemka, maana sie huku mtu ana uvimbe kwa titi na auficha mpaka mambo yaharibike ati aibu! Afu nikawapa ile ya mumewe kupendana na mjane wa Paul Kalanithi, mwandishi mwengine alokufa kwa saratani, na Nina mwenyewe ndo alomwambia mumewe amtafute mjane huyo apate ushauri kwake. Shangazi akacheka, "Wangu mie hangengoja kuambiwa."