Cheusi Tii Kwenye T2

Ripoti ya CT scan ya kichwa aliyokuja nayo yule mama ilihitimisha kwa neno moja: meninjioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo. Tarehe ya upasuaji ilishapangwa, na MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ilikuwa ya kumsaidia daktari wa upasuaji kujua pa kupitia, basi. Nilikuwa bado nasomea radiolojia Dar es Salaam, na siku hiyo kazi ya kumwandaa iliniangukia mimi.

Alikuwa muuza samaki. Kichwa kilimuuma tangu kabla ya Ramadhani, na jicho la kushoto lilianza kumwonyesha vitu viwili viwili. Tukakwama kwenye kipini cha puani. Hakijatoka tangu aolewe, alisema, na hakuna kati yetu aliyejua kama ni dhahabu au bati lililopakwa rangi. Sumaku ile haina masihara na chuma. Muuguzi alikitoa kwa sabuni, taratibu, huku mama akitusimulia bei ya changu.

Baada ya kuchomwa gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, dura, yaani ule utando mgumu wa ubongo, iliwaka pale inapotenganisha ubongo mkubwa na ubongo mdogo. Palikuwa na kinundu, na kutoka kwenye kinundu utando ulionenepa ulichirizika na kuishia mwembamba. Huo ndio mkia ambao kila mwanafunzi hukaririshwa kuwa ni wa meninjioma. Bingwa wetu wa radiolojia hakuuhangaikia. "Mkia unakwambia dura imekasirika," alisema. "Haukwambii nani kaikasirisha."

Akafungua T2, picha ambazo maji huonekana meupe. Hapo meninjioma nyingi hukaribiana rangi na gamba la ubongo, au huwa nyeupe kidogo zaidi. Hiki kilikuwa cheusi tii. Meninjioma nyeusi zipo, zenye chokaa au nyuzinyuzi nyingi, lakini CT haikuwa na chokaa, wala mfupa wa jirani haukunenepa. Tukaangalia na picha za mtiririko wa damu. Meninjioma kwa kawaida hunywa damu kwa pupa. Hiki kilikuwa kimetulia tu.

Ikabaki kuchagua kati ya TB ya utando na magonjwa mengine adimu yanayoweza kuuvimbisha: sakoidosisi, ugonjwa wa IgG4 na ule wa Rosai-Dorfman. MRI peke yake haimalizi ubishi huo, na naona hapa ndipo tunapoitwisha mashine mzigo usio wake. Bingwa aliandika kwamba hali haifanani na meninjioma ya kawaida, na akashauri kichukuliwe kipande kidogo kwanza kabla ya kuondoa chochote. Daktari wa upasuaji alinuna, halafu akakubali.

Kipande kilionyesha TB. Mama aligoma kuamini.

"TB gani, mwanangu, na mimi sikohoi?"

Kweli hakukohoa, na eksirei ya kifua ilikuwa safi. Alianzishwa dawa za TB za miezi 12 pamoja na vidonge vya kutuliza uvimbe. Haukupita muda akanifuata korido, kafura: mkojo umekuwa mwekundu, tumempa nini? Nikamweleza habari za rifampisini, dawa ya TB inayotia mkojo rangi hiyo. Sidhani kama alinisamehe.

Aliporudi kwa MRI ya kufuatilia, jicho lilikuwa limetengemaa na kinundu kimesinyaa, ila dura bado iling'aa kidogo. Nilimuuliza bingwa kama tuandike amepona.

"Andika imepungua," alisema. "Dura yenye kovu inaweza kung'aa hata dawa zikiisha."