Jinsi nilivyookoa adeniamu iliyooza shina

Mvua za Novemba zilipokolea hapa Goma, shina nene la adeniamu yangu, ua la jangwani linaloitwa pia waridi la jangwa, lililegea upande mmoja. Ukilibonyeza, kidole kinazama na maji ya kahawia yanatoka.

Niliung'oa mmea, nikakung'uta udongo wote, nikakata kwa kisu kilichopitishwa motoni mpaka nyama ikabaki nyeupe kabisa. Hapo usione huruma: doa dogo likibaki, uozo unarudi. Na vaa glavu, utomvu wake ni sumu iliyopakwa hata kwenye mishale.

Nikapaka unga wa makaa, nikauning'iniza barazani penye upepo hadi kidonda kikawa kikavu na kigumu. Kisha nikaupanda kwenye changarawe ya lava, ambayo hapa haikosekani, iliyochekechwa vumbi, pamoja na udongo kidogo. Maji nilianza kuupa majani mapya yalipochomoza. Masika yote sasa unakaa chini ya bati.