Kine wa timu ya chuo apewe neno la mwisho kabla ya kupewa mfuko

Vyuo vikuu vya Goma vinapenda michezo. Mashindano ya fakilte na fakilte hujaza viwanja, na pesa ya jezi haikosi kupatikana. Lakini kine, yule mtabibu wa viungo anayekaa mwisho wa benchi na mfuko mmoja wa bendeji, hukumbukwa mchezaji akishaanguka. Wanaotaka kumsaidia huanza na orodha ya vifaa. Afadhali waanze na karatasi.

Ni karatasi ya ukurasa mmoja, yenye saini ya rekta, mkuu wa chuo, inayosema hivi: kine akimtoa mchezaji, mchezaji ametoka. Kocha hamrudishi, wala nahodha, wala mkuu wa fakilte aliyeketi jukwaani. Haigharimu hata faranga moja. Marekani, ambako watu wa kazi hii wana chama chao tangu 1950, ligi tano kubwa za vyuo zilipitisha kanuni ya namna hiyo mwaka 2016. Tena kine asilipwe na kocha, na kocha asiwe ndiye anayepima kazi yake. Mtu ambaye mshahara wake unapitia mkononi mwa anayetaka ushindi wa leo, ujasiri wake utadumu mechi ngapi?

Karatasi peke yake haitoshi. Tarehe 29 Mei 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa timu ya futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto mazoezini. Watabibu walikuwepo. Mpango wa dharura ulikuwepo pia, ila haukufuatwa inavyostahili: hakuzamishwa kwenye maji ya baridi, na ambulansi iliitwa kwa kuchelewa. Alifariki tarehe 13 Juni. Kwa joto la namna hiyo kanuni ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na joto si adui wetu mkubwa. Lakini mpango wa dharura unatuhusu vilevile. Uandikwe kwa kila uwanja: gari linaingia kwa geti lipi, ufunguo uko kwa nani, dereva ni nani na namba yake ya simu ni ipi, hospitali gani, nani anamsindikiza mgonjwa. Mambo yanayouvunja ni madogo sana. Mlinzi ameenda kula na kufuli liko getini. Pikipiki za watazamaji zimeziba njia. Simu ya mwenye jukumu haina yuniti. Kwa hiyo mpango ufanyiwe mazoezi mwanzoni mwa msimu, saa mkononi, mtu mmoja akijifanya mgonjwa. Na aliyeumia shingo au mgongo asipandishwe pikipiki kamwe, hata kama ndiyo iliyo karibu. Kichwa na shingo vishikwe visitikisike mpaka machela ije.

Moyo ndio unaodai haraka kuliko vyote. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, na haitiki, mchukulie kuwa moyo umesimama. Hapo watu hukosea kwa njia mbili. Mwili ukitikisika kidogo, wanasema ni kifafa na kuanza kumtia kijiko mdomoni. Akivuta pumzi moja moja ya kukoroma, wanasema bado anapumua. Huko si kupumua. Anza kukandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Baada ya dakika 2 badilishaneni, kwa sababu mikono iliyochoka inakandamiza juu juu bila mwenyewe kujua. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka hivyo London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, na yuko hai leo, maana walioanza kumhudumia pale pale uwanjani walijua la kufanya na mashine ya kushtua moyo ilikuwa karibu. Chuo kikiweza kuinunua, ikae uwanjani, isifungiwe ofisini kwa katibu. Taa yake ikaguliwe kila mwezi, na tarehe ya mwisho ya vibandiko vyake iangaliwe. Kisipoweza, basi kila timu iwe na wachezaji wawili au watatu waliofunzwa kukandamiza kifua. Kine mmoja hawezi kuwa kwenye basketi na kwenye voliboli kwa saa ile ile.

Kwa kichwa, ile karatasi ya rekta hupata kazi yake. Aliyegongwa akawa na kizunguzungu, akachanganyikiwa au akasahau matokeo ya mechi, hachezi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika tena na tena, akiona vitu viwili viwili, akidhoofika mkono au mguu, akishikwa na degedege, au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali mara moja. Wengine wapumzike kwa kiasi saa 24 hadi 48, kisha wapande ngazi: kutembea, kukimbia, mazoezi ya mpira bila kugusana, mazoezi kamili baada ya ruhusa ya daktari, mwishowe mechi. Kila ngazi angalau saa 24. Dalili zikizidi, arudi ngazi moja nyuma. Na huyu ni mwanafunzi. Chuo kinachompa siku za kupumzisha mguu kimpe pia nafasi ya kuahirisha mtihani wakati ubongo wake haujatulia.

Sasa makoro, yale mawe ya volkano. Viwanja vyetu vingi vina changarawe nyeusi ya volkano, nayo inachubua goti kuliko udongo wowote. Jeraha lioshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka na sabuni, mpaka chembe zote zitoke, siku ile ile. Chembe zikibaki chini ya ngozi huacha alama nyeusi ya kudumu na hualika usaha. Spiriti isimiminwe ndani ya jeraha: inachoma nyama inayojaribu kupona. Funika kwa gazi yenye vaselini ili isigande. Kisha uliza chanjo ya pepopunda. Kwa jeraha chafu, kama imepita miaka 5, apelekwe akadungwe. Hesabu lita 10 za maji safi kwa mechi kwa ajili ya majeraha peke yake, mbali na ya kunywa. Ya kunywa yawe yametibiwa kwa klorini au yamechemshwa, na kila mchezaji awe na chupa yake. Kipindupindu hatukioni kwa mara ya kwanza, na taulo ya kushirikiana ibaki nyumbani tangu mpox ilipoingia Kivu.

Kifundo cha mguu kikiteguka, jaribio ni rahisi. Bonyeza ncha na ukingo wa nyuma wa mifupa miwili ya kifundo, kisha mwambie atembee hatua nne. Mfupa ukiuma ukibonyezwa, au hatua nne zikimshinda, apigwe picha. Asikimbizwe kwanza kwa mtu wa kuukanda kwa mafuta ya moto. Kukanda siku za mwanzo huongeza damu na uvimbe. Barafu iwekwe juu ya kitambaa chenye unyevu, dakika 15 hadi 20. Umeme ukiwa wa kubahatisha, gandisha vifuko vya maji usiku ukiwepo na uvipange vimebanana kwenye sanduku la baridi lisilofunguliwa ovyo. Pesa ya barafu iingie kwenye bajeti ya mechi pamoja na ya waamuzi, isitoke mfukoni mwa kine.

Utepe mgumu wa sentimita 3.8 hufunga vifundo viwili hivi kwa roli moja, kwa hiyo timu ya basketi yenye wachezaji sita wanaofungwa kifundo kimoja kila mmoja inakula roli tatu kwa mechi. Mfukoni muwe pia na glavu, gazi, bendeji za kunyumbulika, mkasi wa ncha butu, vipande vya mbao vya kufungia mfupa. Timu za wasichana ziwe na msaidizi wa kike, maana kuna maumivu ambayo hawatamwambia mwanamume.

Mwisho, daftari. Tarehe, uwanja, sehemu iliyoumia, namna ilivyotokea, uamuzi, siku ya kurudi. Msimu ukiisha litaonyesha kama vifundo vingi vinaumia kwenye kona ile ile ya uwanja, na hapo ombi la kusawazisha kona hiyo litakuwa na ushahidi. Likae kwenye kabati lenye kufuli. Kocha anaambiwa mambo mawili tu: anacheza au hachezi, na mpaka lini.